Rundo la Fifi

Juzi nilimwona binti yangu akiweka mkono wake kando ya wangu, akilinganisha rangi, na nikasikia tena harufu ya vumbi la pamba uani kwetu Kasoli.

Mchana mmoja nilipokuwa mdogo, lori la wanunuzi binafsi wa pamba lilikuwa njiani. Tangu asubuhi mama alikuwa akichambua: pamba safi rundo moja, fifi yenye madoa rundo lingine. Mke wa mjomba alinitazama, mimi mtoto wa fundi mzungu wa kiwanda cha pamba.

“Wifi, na huyu wako tumweke wapi? Si fifi huyu? Kaingia doa!”

Wanawake walicheka. Mimi niliamini kwamba lori litanichukua pamoja na pamba. Nilipangusa nyayo, nikaenda kukaa juu ya fifi, nisije nikaichafua ile nyeupe.

Mama hakucheka. Aliyasukuma marundo yote mawili kwa miguu mpaka yakawa moja.

“Haya wifi, nionyeshe fifi iko wapi.”

Honi ya lori ilisikika barabarani. Leo najua kwamba alikuwa akinitetea. Siku ile nilidhani nimemharibia pamba yake, nikapiga magoti, nikaanza kuichambua upya huku nikilia.