Mkwaruzo Katika Sauti ya Mama Yake

Mwezi wa Juni, Songea huamka ndani ya ukungu, na nyumba za Msamala huonekana kama zimechorwa kwa penseli kisha zikafutwa nusu. Asubuhi moja ya namna hiyo bibi mmoja aliingia karakanani kwangu na redio kaseti aliyoifunga kwenye kanga. Alikuwa ametoka Nalasi kuja kuishi na binti yake, jirani yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Redio hii inamkwaruza mama yangu."

Ndani mlikuwa na kaseti moja. Zamani mama yake alirekodi salamu kumpelekea mwanawe wa kiume aliyekuwa mbali. Sasa mama hayupo, kaka naye ametangulia, na kaseti imeletwa pamoja na nguo zake. Kabla ya hapo bibi hakuwa amewahi kuisikia.

Niliunganisha redio na umeme uliochujwa wa mezani kwangu, nikaicheza kidogo. Sauti ilitoka safi, naye akaondoka nayo. Kesho yake akarudi.

"Kwako anasema vizuri. Kwangu anakwaruzwa."

Binti yake, aliyemsindikiza, alinivuta pembeni. "Ni masikio tu, fundi. Umri."

Hata hivyo nilibeba oskiloskopu yangu, mashine inayochora umeme kama mstari kwenye kioo, nikaenda nayo nyumbani kwao. Kaseti ilipozunguka nilisikia kitu chembamba nyuma ya maneno, au nilidhani nasikia. Ukungu ule hufanya mtu asiamini hata hatua zake mwenyewe. Nilipima umeme unaoingia redioni. Mstari ulinyooka. Nikaweka mtindo wa wastani, ambao huchanganya michoro mingi kuwa mmoja. Mstari ukatulia zaidi, kama maji ya mtungini. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba binti yake amesema kweli.

Bibi alikuwa ameinamia kioo. "Mashine yako inatazama muda wote, au huwa inapepesa macho?"

Ilikuwa inapepesa. Katika mwendo ule wa polepole ilichukua nukta moja, ikazitupa nyingine nyingi zilizopita katikati. Na ule wastani ulikuwa umefuta hata kile kidogo kilichonaswa, kwa kuwa hakikutokea mahali pamoja mara mbili.

Nikabadilisha, nikaweka mtindo wa kunasa vilele, ambao katika kila kipande cha muda huhifadhi cha juu kabisa na cha chini kabisa. Mstari ukaota manyoya. Ukanenepa kioo kizima, miiba juu, miiba chini, kama kiwavi aliyeamshwa.

"Ndiyo huyo," bibi akasema taratibu.

Nilichomoa adapta ya ukutani, ile aliyonunua binti ili wasihangaike na betri, kumbe ndiyo iliyochafua umeme. Manyoya yakaanguka. Nikavuka barabara kununua betri, nikarudi, nikazipachika.

Sauti ya mama yake ilijaa chumbani, kwa Kiyao, lugha nisiyoijua. Iliteremka na kupanda bila haraka. Nyuma yake sasa kulisikika mdundo, du, du, wa mchi kwenye kinu. Bibi akanishika mkono.

"Anayetwanga ni mimi."

Binti alitokea jikoni na mikono yenye maji, akasimama mlangoni.

"Nilikuwa msichana," bibi akaendelea. "Aliniambia nikae kimya, anarekodi. Nikajifanya sisikii."

Mle ndani ya kaseti mama akakatiza maneno yake, akasema jambo fupi, kali kidogo. Mchi ukanyamaza. Bibi akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, machozi yakimshuka.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema, 'Nimechoka na wewe, nenda kachote maji.'"

Sikumlaumu binti, wala yeye hakunilaumu. Sote tulikuwa tumekaribia kumwambia bibi kitu kilekile. Binti alijifuta mikono kwenye kanga, akaketi sakafuni karibu na mama yake, akaomba turudishe nyuma kidogo.