Gorfa ya Rangi Mbili

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, kiangazi kikiwa kikali, mama alikuwa akinisukia gorfa ya harusi. Gorfa ni chombo cha maziwa, na kwetu Waborana, bibi harusi akiingia kwa mumewe bila gorfa, atachekwa mpaka azeeke. Husukwa kwa mizizi ya ergamsa, mmea wa miiba unaotambaa juu ya migunga.

Mizizi iliisha chombo kikiwa nusu. Tukatoka kwetu Chechelesi asubuhi kutafuta mingine upande wa Leparua. Mimea ya kutambaa haikukosekana: ule wa shina la pembe nne, hata mbuzi hauli; ule wa utomvu mweupe, ole wako ukikurukia jichoni. Lakini ergamsa, wapi! Hiyo huota kivulini, pale ndege waliokula matunda yake wanapoangusha mbegu, na wachoma makaa walikuwa wameikata migunga.

Mchana tukaupata mmoja, umejiviringisha kwenye mgunga kando ya korongo. Nilifurahi nikapiga vigelegele peke yangu. Mama akachimbua, akakata mizizi miwili mitatu, akarudisha udongo.

"Mama, si tuchukue yote!"

"Tukiuua huu, mbegu itatoka wapi?"

"Na mimi je? Niende na nusu chombo?"

"Utaenda nacho."

Walahi, nilikasirika. Nikatangulia mbele mpaka tukafika nyumbani.

Siku ya harusi nikaingia kwa mama mkwe, kule Wabera, na gorfa yangu fupi isiyo na shingo. Mawifi wakaanza: "Hii ni ya kumnyweshea paka?" Wakacheka. Nilijifunika shuka nikalia, na nikamlaumu mama kimoyomoyo.

Mama mkwe akaichukua, akapitisha kidole pale ususi ulipokomea, akauliza kulikoni. Nikamwambia kweli: ulibaki mmea mmoja, na mama akakataa kuumaliza.

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha mizizi ya ergamsa, mikavu, imekuwa myeusi kwa moshi. Alikuwa ameiweka ili amsukie binti yake wa mwisho. Akaketi chini, karibu nami kabisa.

"Sogea, mwanangu. Shika hapa."

Nikashika. Akawageukia wale mawifi, akawatuma wakalete maji ya kulowekea mizizi. Aliyekwenda kuyaleta ni huyo binti wa mwisho.