Kizazi ni Changu

Redioni walikuwa wakilalamika tena kwamba wanawake wa hali ya chini wanazaa kupita kiasi, na fundi cherehani akaizima kwa kofi. Wanazaa! Kana kwamba wanajitungisha mimba wenyewe. Yeye alikuwa na watoto watano, na huyo wa tano nusura amtoe roho. Alivuja damu mpaka godoro la wodini likatupwa, na daktari akamwambia waziwazi kwamba mimba nyingine itamuua. Sindano za uzazi wa mpango zilimpandisha presha, vidonge vikamtapisha. Akaamua kufunga kizazi, yaishe.

Lakini kituo cha afya cha mtaani kilikuwa na utaratibu wake. Sheria haikuwepo, ni mazoea tu ya wenyewe: mwanamke hafungwi kizazi mpaka mumewe aje, akae benchini, aulizwe na nesi kama ameridhia. Mara mbili fundi alirudishwa nyumbani kama mwanafunzi mtoro. Safari hii alimbembeleza mumewe, mchomeleaji wa mageti, akampigia pasi shati la kutokea, huku moyoni akitukana kila tundu la kifungo.

Asubuhi hiyo benchi lilijaa wanawake. Ukutani palikuwa na picha ya baba, mama na watoto wawili, wote wamekenua meno, na chini yake maneno: "Familia ndogo, uamuzi wako." Wako! Fundi alitamani kuichana. Alimpakata kitindamimba wake akanyamaza, maana daktari wa upasuaji alikuwepo siku hiyo na hakutaka kujiharibia.

Nesi, mama wa makamo mwenye sauti ya mnadani, alitokea mlangoni. Fundi hakutupiwa hata jicho.

"Baba, karibu. Mkeo anataka kufunga. Wewe unasemaje?"

"Mi naona bado bado." Mchomeleaji alijikuna kidevu. "Wasichana wanne, mvulana mmoja tu. Nilitaka apate mwenzake."

"Daktari alisema nitakufa!" fundi alifoka. "Ulikuwepo, ukasikia kwa masikio yako!"

"Ah, mama watoto, madaktari nao wanapenda kutisha watu."

"Na kama hatishi? Nikifa je?"

Mumewe akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumwinulia mkono wala kulala nje. Alijibu kwa upole kabisa, kama anayemtoa mtu wasiwasi.

"Usijali. Watoto hawatateseka. Nitaoa mwingine awalee."

Mama mmoja pale benchini akasonya, sonyo refu lililofika mpaka dirisha la dawa. Fundi alihisi hasira ikimpanda kutoka magotini, hasira kavu isiyo na chozi. Miaka yote ya ndoa, kumbe nafasi yake ilishatafutiwa mtu!

Akamgeukia nesi. "Umemsikia uliyemuuliza. Sasa niulize mimi."

Nesi akamtazama fundi kwa mara ya kwanza. Ile sauti ya mnadani haikutoka.

"Dada yangu... unataka kufunga?"

"Nataka."

"Haya, pita."

Mchomeleaji akainuka kupinga, lakini kabla hajafungua mdomo alishabwagiwa mtoto mikononi, na mtoto akaangua kilio papo hapo.

"Mshike vizuri," fundi alisema. "Jizoeze kulea. Huyo mwingine hajafika bado."

Akaingia, akaufunga mlango mwenyewe.