Pengo Kwenye Wembe wa Taratibu

Kinyozi tunayemwita Taratibu alitoa baiskeli nzima akapewa wembe mmoja wa kukunja, na mpaka leo anakwenda kazini kwa miguu. Tulimcheka. Mimi nilimwambia kabisa kwamba mali haibadilishwi hivyo, utoe chenye magurudumu upokee kinachoingia mfukoni. Akanijibu, "Baiskeli kila mtu anayo."

Baadaye nilimwelewa. Vinyozi wengine wa mtaa wetu wananyoa kwa mashine, na mashine zao zinawaachia watu vipele shingoni. Taratibu anafuata ndevu zinavyolala, na wembe wake unapita kama kitambaa. Watu wenye ngozi ya matatizo wanapita milango ya wenzake wote ili wamfikie yeye. Mkate wake uko kwenye makali yale.

Chumba anakodi pamoja na dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye ndoa ilimshinda akarudi na cherehani yake tu. Katikati wametundika pazia. Dada yuko upande wa dirisha, maana kutunga uzi kunataka mwanga. Mdogo mtu yuko upande wa kioo na kiti. Wanapendana, lakini dada ana mkono usiojua mpaka. Aliwahi kuchukua mkasi wa nywele akakatia turubai. Taratibu alipouona mkasi ulivyolegea, alisema mbele ya wateja, "Nikikuta tena kitu changu kimeharibika kwa mkono wako, dada, meza yako inatoka nje." Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Wateja walisikia, na kwa wiki nzima wakawa wanamwita Hakimu.

Mimi nauza vifungo, nyuzi na zipu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka mizigo, na nilishamuuliza mwenye nyumba kuhusu nusu ile ya dirishani. Alisema pakiwa wazi nitapewa. Kwa hiyo niliposikia ule msemo wa meza, niliuweka akilini.

Asubuhi moja nimempelekea dada zipu, nikamkuta anafumua suruali. Kiwembe chake kikakatika. Taratibu alikuwa ameenda bombani kuchota maji. Dada akapitisha mkono chini ya pazia, akaja na wembe wa kukunja, akaendelea kufumua. Mimi nikaendelea kuhesabu zipu, wembe haukuwa wangu. Mara tukasikia *ta!* Makali yamegonga meno ya zipu.

Dada aliufuta, akaukunja, akakaa nao mkononi. Taratibu alipoingia na ndoo, hakumzungusha.

"Mdogo wangu, nimeugusa wembe wako. Umegonga zipu."

Taratibu akatua ndoo. "Sogea dirishani."

"Nigombeze basi, sema neno!"

"Sogea, unanizibia mwanga."

Akaufungua, akaelekeza makali juu. Makali mazima hayaonekani, mwanga hauna pa kukaa. Haya yalikuwa na nukta nyeupe. Akapitisha pamba taratibu kutoka mwanzo mpaka ncha. Pale kwenye nukta pamba ikaacha unyuzi. Kisha akalowesha ukucha wa gumba, akaulaza wembe juu yake na kuubonyeza kidogo mno, huku akichungulia kwa kioo cha kukuza.

"Unatafuta nini tena, si umeshaliona pengo?" dada akauliza.

"Ufa. Pengo linanolewa. Ufa ukiwepo, kila nikinoa utapanda."

"Na ukipanda?"

Taratibu akasogeza kioo karibu zaidi. Dada akaanza kukusanya vibobo vya uzi vya cherehani yake, akavitia kwenye kopo kimoja kimoja.

"Nani kakwambia ufunge virago?" Taratibu akasema bila kuinua macho. "Hakuna ufa."

Akalowesha jiwe. Lakini kabla ya kunoa, aliyaburuza makali juu ya ukingo wa kioo, mpaka yakawa butu kabisa.

"Mungu wangu! Unamalizia nilichoanza?"

"Ukuta wenye shimo haupakwi chokaa, dada. Unavunja kwanza pale pabovu."

Akaulaza wembe jiweni, mgongo na makali vyote vimegusa, akaanza kusukuma na kuvuta. Akifika mwisho anaugeuza kwa mgongo, kamwe si kwa makali. Maji yakageuka meusi. Baadaye akahamia jiwe laini, kisha ukanda wa ngozi. Alikuwa anatoa chuma cha pande zote mpaka wembe mzima ufikie kina cha pengo. Ulirudi mwembamba kidogo.

"Unahitajika uso," akasema, akinitazama.

Nilikaa. Akanipaka povu, akaanza shavu la kulia. Wembe ulipita vizuri, lakini chini ya sikio nikahisi umenivuta.

"Hapo umenivuta."

Dada akafunua pazia. "Bwana Vifungo, umevutwa uso, au unavutwa na chumba?"

Kumbe mwenye nyumba hana siri. Nikamwambia uso ni wangu na ninaujua.

Taratibu hakuchukua neno langu wala la dada yake. Akachukua pamba. Ikaacha unyuzi, mwembamba kuliko wa kwanza. "Amesema kweli," akasema, akarudi kwenye jiwe.

Nilikaa pale nimenyolewa nusu ya uso, povu linanikaukia. Dada alikuwa ameshika kopo lake mapajani. Taratibu alinipaka upya, akashika shavu la kushoto, akashuka mpaka kooni. Haukunivuta popote.

"Vipi?"

Nilifikiri kidogo. Ningeweza kusema umenivuta, lakini pamba ilikuwa mezani, na ingenijibu mbele yao. Uongo unaokamatwa papo hapo ni mzigo usio na mnunuzi.

"Umepita safi."

Akapitisha pamba hata hivyo. Ikatoka nzima.

Dada akasimama. "Haya, Hakimu. Meza itoke au ibaki?"

"Nilisema nikikuta kimeharibika." Akaukunja wembe. "Hiki kinanyoa."

"Kimeliwa upana."

"Rudisha vibobo vyako, dada. Mwenye suruali anakuja mchana."

Akavirudisha. Mimi nikafuta uso, nikabeba mfuko wangu.

"Lipa," Taratibu akasema.

"Mimi? Si nilikuwa wa majaribio!"

"Umetoka na ndevu?"

Nikalipa. Chumba nilikuja kupata nyuma ya duka la mkaa. Bei ni nzuri, ila vifungo vyeupe havikai vyeupe, siku hizi nauza zaidi vyeusi.