Jumamosi Sita Kabla ya Kakuma

Mama mkwe wangu aliamua kwenda Kakuma kwa miguu kumwona dada yake, kama walivyokuwa wakitembeleana usichanani. Magari yapo, mwanawe ana pikipiki, lakini wapi! Alisema dada yake amezeeka, naye amezeeka, na safari hii moja iliyobaki hataitupa ndani ya gari. Mume wangu akaweka sharti: apate wa kumsindikiza, na wafanye mazoezi kwanza. Akionekana hawezi, atapanda gari na maneno yaishe. Nikajitolea mimi, mtu wa Bungoma, karani wa kukaa ofisini hapa Lodwar kutwa. Mama alinitazama miguu, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Basi kwa Jumamosi sita tukawa tunatoka alfajiri, tunashika barabara ya Kalokol mpaka jua linapoanza kuuma, kisha tunarudi. Mimi nilikuwa na raba mpya na saa ya kuhesabu hatua. Yeye alikuwa na akala zake za tairi na fimbo. Na kila mtu tuliyekutana naye, lazima Mama asimame amsalimie. Ejok. Ejok noi, yaani hujambo, sijambo sana. Halafu mbuzi wakoje, watoto wakoje, mvua imenyesha wapi, nani amehama. Jamani, nilikuwa nachemka. Mimi nikianza shughuli nataka kuimaliza, na huyu ananipotezea asubuhi nzima kwa mbuzi wa watu.

Jumamosi ya nne uvumilivu ukaniishia. Mzee mmoja alikuwa anakuja na punda wake; nikampungia mkono tu, nikatangulia zangu mpaka kwenye laga, ule mto wa mchanga, ambako tulizoea kuchota maji kwenye shimo lililochimbwa. Chupa yangu nilikuwa nimeshaimaliza njiani, tena kwa raha, maana najua maji yapo. Kufika, shimo limefukiwa, mchanga mkavu tupu. Nikakaa kwenye kivuli chembamba cha mgunga, ulimi umenata, najionea huruma. Mama alikuja baadaye sana, polepole, kidumu chake kimejaa. Yule mzee wa punda ndiye aliyemwambia kwamba shimo jipya liko huku juu, nyuma ya mawe.

"Wewe napita watu kama gari," aliniambia. "Gari haiulizi maji iko wapi."

Niliyanywa maji yale pamoja na aibu yangu. Jumamosi iliyofuata saa niliiacha nyumbani, na kila aliposimama nikasimama. Kiturkana changu kiliwafurahisha watu. Mwanamke mmoja aliwaita hata jirani zake waje wanisikie. Lakini kwa kuwa sasa nilikuwa ubavuni mwake, si mbele, niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Goti lake la kulia lilikuwa linatetemeka. Alipofika kwa mtu, aliikamata fimbo kwa mikono miwili, akatamka ejok, akanyamaza mpaka pumzi irudi, ndipo akauliza habari za mbuzi. Maskini, kumbe zile salamu ndefu ndizo zilikuwa mapumziko yake.

Jioni ile mume wangu aliniuliza mama anatembeaje. Neno langu moja tu, na angepakiwa kwenye gari.

"Anatembea vizuri," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayemchelewesha."

Sijui kama nilifanya vyema. Nilikuwa nimempenda yule mama, na nilitaka afike kwa dada yake kwa miguu yake mwenyewe.

Kakuma tulifika siku mbili baada ya ile tuliyoahidi, mume wangu amepiga simu mpaka amechoka. Njia nzima nilisalimia mimi. Wachunga mbuzi, wachoma makaa, hata fundi aliyelala chini ya lori lake nilimwinamia nikamjulia hali. Siku ya mwisho, mabati ya Kakuma yameshaanza kung'aa mbele yetu, tukakutana na mwanamume anaswaga ngamia. Nikamuuliza mke, watoto, mvua, soko, majani. Maneno yakaniishia. Yule bwana akainua fimbo yake aende zake. Mama alikuwa bado ameikamata yake kwa mikono miwili, anatazama chini.

"Hujauliza ngamia," alisema taratibu.

Nikauliza, mmoja mmoja. Walikuwa wengi, Mungu asifiwe.