Kesi ya Mwenye Pama

Mjomba wangu hakujua Kiingereza, na kwa sababu hiyo hakuna filamu iliyomshinda kutafsiri. Kila Jumapili baada ya misa alisimama kando ya televisheni kwenye banda lake la video, Nyarubungo, akashika kipaza sauti na kutueleza wazungu wanasema nini. Tulimwamini. Nani angembishia, na jenereta ilikuwa yake?

Ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa filamu ya zamani, haina rangi, mvua inanyesha mwanzo mpaka mwisho. Dada na kaka wanaishi peke yao katika jumba kubwa. Mchumba wa dada anauawa ngazini. Kisha anatokea mwanamume mwenye kofia ya pama iliyofunika jicho moja, anachungulia kila chumba. Mjomba akatangaza kwamba muuaji ndiye huyo mwenye pama. Mwishoni polisi walimfunga pingu yule kaka, niliona kwa macho yangu, lakini Mjomba akasema anavishwa saa za zawadi kwa kumlinda dada yake. Moja kila mkono. Tukapiga makofi.

Mama mdogo, dada yake Mjomba, hakupiga. Alikuwa akimtazama mtu wa benchi la mbele: fundi baiskeli aliyekwisha kuleta posa kwao, na ambaye pama yake hata kanisani aliivua kwa shingo upande. Wiki ile ile posa ikarudishwa. Tulimcheka, lakini mwenzetu aliogopa kweli. Akabaki kumpikia kaka yake asiye na mke, miaka nenda rudi.

Mwaka huu nimeikuta filamu ile kwenye simu. Kumbe watu wa huko ughaibuni waliikuta ghalani, wakaisafisha, na sasa wanaisifu. Mimi nafundisha Kiingereza Biharamulo mjini, kwa hiyo safari hii nilielewa. Mwenye pama alikuwa mpelelezi. Muuaji ni kaka mtu, aliyeogopa dada akiolewa yeye atabaki peke yake.

Jumamosi nikawasha pikipiki hadi Nyarubungo. Mama mdogo alikuwa akichambua maharage. Nikaegemeza simu kwenye ungo, nikamtafsiria neno kwa neno. Tulipofika kwenye pingu akaniuliza taratibu kama kweli si saa. Nikamwambia si saa. Roho iliniuma, maana yule fundi alifiwa na mkewe zamani, na mpaka leo yuko pale sokoni na pama ile ile, imechakaa.

Mchana Mjomba akarudi kutoka shambani, akanawa mikono, akaketi kusubiri ugali. Mama mdogo akamwekea simu mahali pa sahani. Mjomba akatazama hadi mwisho bila kutafsiri hata neno.

"Dada," akasema, "ningepikiwa na nani?"

"Leo utakula zile saa," akajibu Mama mdogo.

Alikuwa ameshajifunga kitenge kipya. Akaniambia twende sokoni, ana baiskeli anataka itengenezwe. Tangu nimjue, Mama mdogo hajawahi kuwa na baiskeli.