Siku Niliyompeleka Dada kwa Wathai

Mkahawa wenyewe uko hatua chache tu kutoka stesheni ya Rayners Lane, kati ya kinyozi na ofisi ya madalali wa nyumba. Zamani palikuwa na duka la kamari. Sasa wamejaza maua ya plastiki dirisha zima, wameweka tembo wawili wa shaba mlangoni, na juu yake wameandika kwa herufi za dhahabu kwamba chakula chao ni halisi. Mimi nikiona mtu anajisifu kuwa ni halisi huanza kumtilia shaka hapo hapo.

Lakini nilikwenda, tena nilikwenda na dada yangu, kwa sababu nilikuwa na jambo langu. Dada amestaafu unesi. Amejenga Tanga, nyumba imeshaezekwa, na tangu Ramadhani iishe alikuwa akisema anarudi moja kwa moja. Mimi hapa London sina ndugu mwingine. Wazazi tumeshawazika, na wanangu ukiwaambia kitu kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza huku wakitazama simu. Nilitaka abaki. Si milele, hata mwaka mmoja tu mwingine. Kumbembeleza nilijua hakusaidii, maana dada yangu ukimbembeleza ndiyo umemtia ukaidi.

Malalamiko yake makubwa yalikuwa chakula. "Nimechoka kula vitu visivyo na harufu," alikuwa akisema. Basi nikapiga hesabu zangu: Wathai wanapikia nazi, wana ndimu, wana pilipili, wana mchaichai. Nitamkalisha pale, atakula, atalainika, nami nitapenyeza neno langu. Mpango ulikuwa mzuri. Nilichosahau ni ndimi zetu.

Tulifika mchana wa Jumamosi. Aliyetupokea alikuwa msichana wa Kizungu aliyevishwa hariri ya zambarau. Akakutanisha viganja kifuani, akatuinamia kwa unyenyekevu ambao hakuzaliwa nao. Dada akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Huyu naye kafundishwa lini?"

"Jumatatu," nikamjibu.

Tukaanza kucheka kabla hata hatujaketi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mimi na dada tukishaanza kuteta hatuna breki.

Tuliagiza vya baharini na mboga tu, ili tusijitie shaka na nyama. Kwenye orodha yao wamechora vipilipili vyekundu kando ya kila chakula, kimoja, viwili au vitatu, na yule msichana alituonya kwa upole kwamba tulichochagua kina vitatu. Dada, mtu ambaye kwake pilipili mbuzi hukaa mezani pamoja na chumvi, akamsikitikia. "Mwambie atie zote alizonazo jikoni," akaniambia.

Kwanza ikaja saladi. Nikaitazama, nikaionja, nikaitambua. Papai bichi! Kwetu papai bichi ni la kulainishia nyama ya ng'ombe aliyezeeka. Unalisaga, unaipaka nyama, unaiacha itulie. Hapa wamelikata nyuzinyuzi, wamelimwagia ndimu na sukari, wakalipa jina refu la kifalme na kuliweka kwenye sahani ya pembe nne.

Dada akainua majani kwa uma, akachungulia chini yake. "Na nyama yenyewe iko wapi? Wametuletea dawa, mgonjwa wamemsahau."

Mchuzi ulipokuja ulikuwa wa kijani. Si kijani cha kisamvu, kijani ambacho dada alikitambua mara moja kuwa ni cha mapazia ya wodi. Nazi ilikuwa ya kopo. Najua, kwa sababu na mimi hupikia ya kopo, nani London ana nafasi ya kukuna? Lakini mimi naona haya, nalitupa kopo kabla wageni hawajafika. Hawa hata haya hawana. Na sukari! Sukari kwenye mchuzi wa kamba, kama mpishi alianza kukanda maandazi akabadili nia katikati. Mchaichai, ambao Mungu aliuumba kwa ajili ya chai, ulikuwa unaelea humo na kutuchoma fizi. Wali nao ulikuja kwenye kikapu, umeshikana, ukivuta tonge moja linafuata kapu zima.

Meza ya pili yetu alikaa bibi mmoja wa Kihindi, peke yake, sweta juu ya sari, na miguuni raba. Tukamwona anafungua mkoba, anaangaza kulia na kushoto, kisha anatoa kichupa cha achari na kujipakulia kwenye wali.

"Tazama," nikasema, wala sikushusha sauti. "Leo kaja na achari. Kesho atakuja na wali, keshokutwa atakuja na jiko."

"Mwache, ndiye mwenye akili peke yake humu," akasema dada. "Ila anavyoangaza utadhani mwizi wa kuku."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa kile kitambaa chao kilichokunjwa umbo la ua. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Chakula kilikuwa kibovu na mimi nilikuwa sijafurahi hivyo kwa miezi. Kuteta kwa Kiingereza hakunogi. Ukimteta mtu kwa Kiingereza inakuwa malalamiko tu, na mwisho wanakuletea mtu wa kukuomba radhi. Nikamwona dada naye kalegea, kavua viatu chini ya meza, nikasema moyoni, wakati ndio huu.

"Dada, si ungojee mpaka kiangazi kijacho? Nyumba haikimbii."

Akasukuma kamba kando ya sahani. "Nyumba haikimbii. Anayekimbia ni mimi, nakimbilia uzee."

"Uzee upo hata Tanga."

"Upo, lakini kule watu wanaujua." Akaweka uma chini. "Mdogo wangu, wazee wa watu nimewaogesha mpaka mgongo umekwisha. Wengine watoto wao wako mtaa wa pili. Mimi sitaki kuja kuogeshwa na mtu asiyeweza kulitamka jina langu."

"Nitakuogesha mimi."

"Wewe? Wewe utanimwagia maji ya moto huku unaisema rangi ya taulo."

Nilicheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja ya chakula, hii ya kuogeshwa sikuwa nimejiandaa nayo. Dada akainua macho yakagongana na ya yule bibi, naye alikuwa akitutazama. Kwetu huwezi kula huku mtu anakutazama usimkaribishe. Awe nani, asikie asisikie, mdomo unasema wenyewe. Dada akaisogeza sahani kidogo, akasema, "Karibu, mama."

"Starehe, mwanangu," akajibu bibi. "Kuleni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Jibu lilikuwa ndilo lenyewe hasa, la mtu aliyekaribishwa vyakula vya watu tangu utotoni. Na kosa lilikuwa letu, tena la kijinga kabisa. Rayners Lane imejaa Wahindi waliotoka kwetu. Duka ninalonunulia bamia, mwenyewe akikosea kuhesabu hujitukana kwa Kiswahili, na mimi huwa nacheka naye. Lakini tukikaa mezani wawili sisi tunajiona dunia nzima haisikii.

Bibi akakisukuma kile kichupa mpaka ukingoni mwa meza yetu. "Mwizi wa kuku anawapa achari," akasema. "Tieni. Bila hii hakiliki."

"Utusamehe, mama," akasema dada, uso umemshuka.

"Niwasamehe nini? Mmenichangamsha. Mimi huja kila Jumamosi, na kila Jumamosi ni kibaya."

Nikamuuliza, kwa heshima niliyoikumbuka nikiwa nimechelewa, sasa huwa anafuata nini.

"Nyumbani nitamsema nani?" akajibu, akaendelea kutafuna.

Tukatia achari. Kweli, kilianza kulika. Bibi akatuambia amezaliwa Pangani, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na kwamba ule mchuzi wa kijani mama yake asingempa hata paka. Dada alikuwa amegeuza kiti chake, wanaongea wawili, mimi nasikiliza na kuridhika. Nilijiambia, haya, si huyu hapa? Si watu wapo? Nikawa tayari ninapanga Jumamosi zetu, sisi watatu tukizunguka mikahawa yote ya Harrow tukiisema.

"Na nyinyi mnakaa wapi?" bibi akauliza.

Nilifungua mdomo nijibu kwa niaba yetu, kama nilivyozoea: mimi hapa hapa, dada Harrow, kwa treni si mbali. Dada akaniwahi.

"Mimi nakaa Tanga," akasema. "Huyu mdogo wangu ndiye anayekaa huku."

Tiketi ilikuwa hata haijakatwa. Nguo zake zote zilikuwa kabatini Harrow, dawa zake za presha zilikuwa kwenye droo karibu na kitanda. Wala hakulisema kwa kunichoma, hakunitazama hata kidogo. Alilitamka vile mtu anavyotaja anwani yake, kisha akaendelea kumsikiliza bibi, ambaye tayari alikuwa anauliza habari za soko. Nilimkasirikia, nikamwonea wivu, nikataka kulia, yote kwa pamoja, na nilipotafuta neno la kejeli la kujisaidia sikuliona hata moja.

Msichana wa hariri akaja, akainama, akaniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba chakula ni kizuri sana.